Mmoja wa Ziada

Kila Juni, masika yakishakatika na ukuta wa masjala ukianza kukauka,
nafungua daftari lenye majina mia nne na kumi na mawili,
napiga simu.

Ghorofa ya pili, Upanga. Feni ina bawa moja lililopinda,
inahesabu nami: tak, tak, tak.
Hawa walikuwa watu wa eksirei, enzi za mashine kuukuu
zilizovuja kama pipa bovu, ila sakafu haikulowa.
Waliwashika watoto wa watu mikono, watulie, picha itoke.
Aproni ya risasi ilikuwa moja, imepasuka begani,
ikavaliwa na aliyewahi.

Maswali yangu ni saba.
Unalala vizuri? Umepungua uzito? Kuna uvimbe popote?
La saba ni la yeyote atakayepokea, nalo naliuliza kwa sauti ya chini:
Bado yupo?

Wahenga walisema usiku wa deni haukawii kucha.
Deni hili hukawia.
Hukaa mfupani kama mpangaji mwema,
asiyefungulia redio, asiyegombana na mtu,
mwaka wa kumi, wa ishirini, wa thelathini,
halafu siku moja unarudi nyumbani
unakuta amebadilisha kitasa.

Daktari Mushobozi alinichorea hesabu nyuma ya bahasha.
Tuseme watu mia. Tuseme ishirini wataugua saratani,
iwepo mionzi, isiwepo.
Kwa kipimo kama kile, tuseme ongeza mmoja.
Akachora kijiti cha ishirini na moja, akakipigia mstari.
Ni nani? nikauliza.
Huyo hana jina. Mionzi haiweki sahihi.
Walaze wote ishirini na mmoja wodini,
hakuna darubini itakayosema huyu ni wetu, hawa ni wa Mungu.

Bi Zuhena Mkamba, Tandika, namba themanini na tisa.
Titi la kushoto, mwaka juzi.
Hospitali ilimtibu kwa mionzi hiyo hiyo.
"Mwizi kageuka askari," aliniambia, akacheka mpaka akakohoa.
Kisha kimya. Nikasikia sufuria ikichemka upande wake.
"Wewe karani, nikwambie kitu usichokuwa nacho humo.
Zile beji za kifuani, za kupimia,
tulikuwa tunaziacha kwenye droo.
Filamu ikiwa nyeusi sana unatolewa chumbani,
na posho ya chumbani ndiyo ada ya watoto.
Beji zikabaki gizani zinakula raha.
Sisi tukaingia."

Nikalitazama daftari.
Safu ya vipimo, wino wa bluu, mwandiko wa mtu aliyeipenda kazi yake:
chini, chini, chini, wastani, chini.
Kumbe miaka yote hii
nimekuwa nikifuatilia afya ya droo.

Maneno kama yale hayana safu.
Niliyaandika ukingoni kwa penseli,
yakapinda, yakapanda juu ya ukurasa kwa kukosa nafasi.
"Haya sema," akaniuliza, "ni ile mashine, au ni mwili wangu tu?"
"Sijui, Bi Zuhena."
"Basi andika hivyo hivyo. Kwa kalamu."

Namba mia mbili na sita ni Kandidus Mapunda.
Laini yake alipewa mtu mwingine;
sasa hupokea kijana wa bodaboda wa Tegeta, mwaka wa tatu huu.
"Dada, huyo mzee wako si mimi," anasema, malori yakimpita.
"Ila niulize tu, sina abiria."
Namuuliza yote sita.
Analala vizuri. Hajapungua. Hana uvimbe.
La saba
ananiuliza yeye.